Luthuli kwa mjenzi wa amplifaya: cha kununua na cha kuacha

Kwa anayetaka kujijengea amplifaya hapa Nairobi, mahali pa kuanzia ni Luthuli Avenue, ile barabara fupi inayounganisha Mtaa wa Tom Mboya na River Road. Tangu 2019, ilipofanywa ya mwelekeo mmoja na njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa, unaweza kutembea dirisha hadi dirisha bila kusukumwa na matatu. Wengi huijua kwa televisheni na spika kubwa zinazonguruma mlangoni. Mimi nazungumzia maduka ya ndani na ya ghorofani, yenye kaunta ya kioo na ukuta mzima wa droo ndogo za plastiki, ambako muuzaji anakuuliza "ngapi?" kabla hujamaliza kutaja namba.

Nilikuwa natafuta vifaa vya amplifaya ya stirio yenye aisii mbili (vile vipande vyeusi vyenye sakiti nzima ndani) za LM3886. Kwa muziki wa nyumbani sijaona aisii ninayoipenda kuliko hii. Ina miguu 11, spea za kuizunguka ni chache, na ukiilisha volti 28 upande wa chanya na 28 upande wa hasi inatoa wati 68 kwenye spika ya omu 4. Taarab ya zamani, fidla na ganuni zikipokezana, inatoka humo safi kabisa.

Naanza na transfoma, maana ndiyo inayokula pesa na ndipo Luthuli inaponifurahisha zaidi. Zilizojaa madukani ni 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya wa katikati. Ya 18-0-18, ninayoitaka kwa sababu volti za AC hupanda zikishageuzwa kuwa DC, lazima uulize, na mara nyingi inateremshwa kutoka rafu ya juu kabisa ikiwa na vumbi lake. Kibandiko kitasema amperi 5. Kiache, piga hesabu mwenyewe: volti 36 mara amperi 5 ni VA 180 (kipimo cha nguvu ya transfoma), na transfoma ya kawaida ya kiwango hicho ina kilo mbili na zaidi. Ukiinyanyua ikawa nyepesi kama mkate, hizo amperi 5 hazimo.

Halafu kuna zilizosukwa kwa waya wa alumini uliovikwa rangi ya shaba. Omba ruhusa ukate ncha ndogo ya waya na kuitazama katikati: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inang'aa nyeupe. Kwa unene uleule, alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo transfoma inachemka mapema, na lehemu nayo haishiki sawasawa kwenye waya ule. Mzee aliyeniuzia yangu hakununa nilipotoa koleo. "Kata tu, kijana, uone," akasema, kisha akaleta waya wa umeme mwenyewe, akachomeka, nami nikapima palepale kaunta: volti 19 na nukta huku, 19 na nukta kule. Bila mzigo ni kawaida kusoma juu kidogo ya 18. Pande mbili zikilingana hivyo, lipa. Duka la mtandaoni, hata liwe zuri vipi, halikupi nafasi hiyo, na ndiyo sababu transfoma sitainunua kwa picha.

Kwenye kapasita kubwa za kuhifadhi chaji, zile za maikrofaradi 10,000 za volti 50, nenda na kijimashine cha kupimia spea. Kile kidogo chenye kioo cha kijani kimetokana na kazi ya Wajerumani wawili, Markus Frejek na Karl-Heinz Kübbeler, walioitoa bure kwa watu wote, ndiyo maana leo kinauzwa kwa bei ambayo fundi yeyote anaimudu. Chomeka miguu, bonyeza, kinakuandikia ukubwa na ukinzani wa ndani. Katika duka moja zilizoandikwa 10,000 zilisoma 6,000 na ushei. Kapasita hizi huruhusiwa kupungua asilimia 20, yaani 8,000, si zaidi. Nikaziacha. Duka la pili nililoingia zilisoma zaidi ya 9,000, na tofauti ya bei haikutosha hata nauli ya kwenda Rongai. Ila kapasita iliyowahi kutumika ipitishe kwanza kwenye rezista iishe chaji, la sivyo itakiua kijimashine chenyewe.

Kijimashine hicho kina mpaka wake, na hapa ndipo wengi hupotea. Kinapima kwa volti 5 tu na mkondo mdogo sana. Hakiwezi kukuambia kama kapasita itahimili volti 50 kweli, wala kama transista ya nguvu ni halali au la. Chukua 2SC5200, ambayo halali yake ni ya volti 230 na amperi 15. Ya bandia itapita kipimo hicho vizuri, halafu itapasuka siku ya kwanza utakapopandisha sauti. Muuzaji mwingine ni muungwana, anakuwekea mbili kaunta na kukuambia wazi: "Hii kopi, hii imetolewa kwenye mashine." Mnunulie huyo ya mashine. Transista iliyong'olewa kwenye amplifaya ya zamani ya Kijapani, ikiwa na alama za lehemu miguuni, naiamini kuliko mpya inayong'aa isiyojulikana ilikotoka.

Aisii za LM3886 nilizoonyeshwa sikuzichukua. Maandishi yalikuwa yamekolea kwa rangi nyeupe inayofutika kwa pamba yenye spiriti, na hiyo inanitosha. Hizo niliagiza nje kwa msambazaji, Mouser, pamoja na wenzangu ili tugawane gharama ya kusafirisha, maana kifurushi cha aisii mbili peke yake hakilipi. Huu ndio upungufu mkubwa wa Luthuli, na unaniuma, kwa sababu wateja wapo na wangelipa zaidi kwa kitu halali.

Rezista zipo tele, unanunua hata moja moja. Zile za buluu, zinazokosea kwa asilimia 1 tu, ni adimu, basi nachukua kumi za thamani moja na kuzipanga kwa mita mpaka nipate mbili zinazolingana kwa chaneli ya kushoto na ya kulia. Jeki, swichi, fyuzi na nyaya: nunua bila wasiwasi.

Kwa upande wa zana, ile mita ya njano ya bei ya chini inatosha kwa volti na rezista, lakini sitaitumia kupimia umeme wa ukutani, kwa sababu nyaya zake ni nyembamba mno. Pasi ya kulehemu chukua ya wati 60 yenye kidhibiti cha joto na ncha zinazobadilishika. Kwenye lehemu ndiko usibane pesa. Tafuta ya 63/37, yaani bati 63 kwa risasi 37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183 na kuganda mara moja. Zipo roli zinazoandikwa hivyo lakini zinaacha viungo vya kijivu vyenye chembechembe, kwa hiyo mwombe muuzaji ajaribu kidogo mbele yako. Ununue pia balbu moja ya zamani ya wati 100, ile ya waya, uiunganishe kwa mfululizo na waya wa umeme wa amplifaya siku ya kuwasha mara ya kwanza. Kukiwa na shoti itawaka yenyewe na spea zako zitapona. Siku hizi nazipata kwa shida, zimebaki za LED tupu.

Kasha sikulitafuta Luthuli. Niliteremka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wale wale wanaokunja masanduku ya wanafunzi, nikampa mmoja mchoro wenye vipimo na matundu ya jeki. Alikunja bati vizuri, kona zimekaa sawa, na akaniachia skrubu ya kufungia waya wa ardhi kama nilivyomwomba. Amplifaya ya volti 240 ndani ya bati isiyo na waya wa ardhi siiweki kwenye nyumba yenye watoto.

Nenda siku ya kazi asubuhi, wauzaji wakiwa na nafasi ya kukupimia. Jumamosi mchana hakuna atakayekuchomekea transfoma. Na kabla ya kutuma M-Pesa, mwombe aandike kwenye risiti kwamba kisipofanya kazi utarudisha. Akikataa, ng'ambo ya barabara kuna mwingine mwenye droo zilezile.