Kisanduku cha mwanga cha sm 40 kwa kupiga picha visu vya kukunja: uzoefu wangu

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Kina mikanda miwili ya taa za LED juu, tundu la kamera mbele na jingine juu. Nimekitumia kwa visu vya Case, kampuni ya Marekani, aina ya Trapper: mabapa mawili yaliyong'arishwa na mpini wa mfupa.

Mpini unatoka vizuri bila jitihada. Kasheshe ni bapa. Chuma kilichong'arishwa ni kioo, kwa hiyo vitaa vya LED vinajipanga juu yake kama nukta nyeupe, na ukipigia tundu la juu, lenzi nayo inaonekana katikati. Tandaza karatasi ya kuokea, tabaka mbili, sm 5 hivi chini ya taa. Ikigusana na taa, nukta zinabaki. Kisha pigia tundu la mbele, kamera ikiinama, na weka kipande cha plastisini (udongo laini wa kuchezea) chini ya kisu hadi bapa lielekee karatasi.

Lakini weupe mtupu nao unaliua bapa: linafanana na plastiki ya kijivu na makali yanapotea. Simamisha ukanda wa manila nyeusi, upana sm 2, nje kidogo ya picha. Usogeze taratibu mpaka mstari mweusi ulale kwenye makali. Hapa ndipo muda wote unapoishia.

Mipangilio ya kamera: ISO 100, f/11, stendi, taima ya sekunde 2. Mandhari nyeupe huidanganya kamera ikatoa picha ya kijivu, hivyo ongeza mwanga +1. Zima taa ya chumbani, rangi zisichanganyike. Kichujio cha polaraizi, kile cha lenzi cha kupunguza mng'ao, usikinunue kwa ajili ya bapa. Mng'ao wa chuma kitupu hakiuondoi.

Alama za vidole zifute kwa spiriti kidogo, ila isiguse mpini wa seluloidi (plastiki ya zamani), huharibika.

Kisanduku kinashindwa kabisa kwenye muhuri wa shina la bapa, pale linapoungana na mpini, na wanunuzi huutaka huo kwanza kwa kuwa nukta zake huonyesha mwaka wa kisu: Case ya 1970 ina nukta kumi, kisha moja ikapunguzwa kila mwaka. Mwanga laini unazifuta. Zima taa zote, laza tochi moja ubavuni karibu na usawa wa meza, kila nukta ijae kivuli.

Trapper iliyofunguliwa inaenea ndani ya kisanduku hiki. Kwa visu vikubwa zaidi tafuta cha sm 60, maana kingo za hiki zitaonekana kwenye bapa.