Meno ya Washington: Nimefungua Seti ya Vitabu vya Watoto vya Historia ya Marekani

Karibuni, karibuni sana. Mliokuwa mnaisubiri hii video, niwieni radhi, boksi lilichelewa njiani, na lilipofika mwanangu alilifungua mimi nikiwa kazini. Haya, ndiyo hii hapa. Seti ya vitabu vitano vya watoto kuhusu mwanzo wa Marekani: George Washington; Paul Revere, aliyepanda farasi usiku kuonya kwamba askari wa Uingereza wanakuja; Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa; Betsy Ross, mshonaji; na cha tano Phillis Wheatley, mshairi. Kurasa ngapi, jalada gani, umri gani, hayo yote nimeyaandika chini ya video. Mimi kuna jambo moja linanikera tangu juzi usiku, na nataka mlione kwa macho yenu.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Huyu ni Washington, uso umejaa ukurasa mzima. Hapa mdomoni wameweka kijikaratasi cha kufunua, watoto wanavipenda hivi kufa. Unashika ncha hii, polepole, unainua. Haya, tazameni. Meno ya mbao. Kahawia, yana mistari ya mti kama mwiko wa ugali. Na pembeni wameandika kwamba rais wa kwanza wa Marekani alitafuna kwa meno ya mbao.

Jamani, hakutafuna kwa mbao. Washington hakuwahi kuwa na meno ya mbao. Ni kweli meno yalimtesa maisha yake yote. Alipoapishwa tarehe 30 Aprili 1789 pale New York, kinywani lilikuwa limebaki jino lake moja tu. Meno ya bandia aliyovaa yalitengenezwa kwa pembe za ndovu, kwa madini, kwa meno ya wanyama, na kwa meno ya watu. Seti moja daktari wake, John Greenwood, aliichonga kwa jino la kiboko, akaacha tundu la lile jino moja lipite. Sasa niambieni, mtoto gani asingependa kufunua karatasi akakuta jino la kiboko? Mbao ya nini?

Halafu kuna hili la meno ya watu, na hapa naomba tuelewane. Daftari la hesabu za nyumbani kwake Mount Vernon, mwaka 1784, lina malipo ya pauni 6 na shilingi 2 kwa "Negroes", watu Weusi, kwa ajili ya meno 9. Meno tisa yaliyotoka kwenye vinywa vya watu. Washington alirithi watumwa akiwa na miaka 11, na alipofariki mwaka 1799 pale Mount Vernon waliishi watumwa zaidi ya 300. Hiki kitabu kina farasi wake, kina mbwa wake, kina ule mti wa mcheri anaosimuliwa kuukata utotoni, hadithi ambayo aliitunga mchungaji Weems baada ya mzee kufa. Hao watu zaidi ya 300 hawamo. Nimepekua mara tatu. Hata kivuli chao mlangoni hakipo.

Mtu ataniambia, mama, hiki ni cha mtoto wa miaka sita. Sawa. Wangu ana miaka sita. Juzi usiku tumefika ukurasa huu nikamwambia hii si kweli, akaniuliza, "Sasa yalikuwa ya nini?" Nikamwambia kiboko, akacheka mpaka akakaa. Nikamwambia na mengine yalikuwa meno ya watu. Akanyamaza. Akauliza, "Waliumia?" Nikamwambia ndiyo, waliumia. Akafunga kile kijikaratasi kwa kidole, akakishikilia kisifunguke. Mtoto ameelewa. Kwa nini mwandishi ahisi hataelewa?

Nimefanya hivi, oneni. Nimekata karatasi ya manila, nimechora meno yenye rangi ya pembe, nimebandika juu ya mbao zao. Gundi ya kawaida ya shule inatosha, ila usijaze, vinginevyo kijikaratasi kitagandana na ukurasa, kama hapa pembeni palivyoharibika kidogo. Nyuma yake nimeandika kwa Kiswahili: kiboko, madini, wanyama, watu. Basi.

Haya, nipumue. Nilitaka kusema msinunue kabisa, ila kitabu cha Revere kimenirudisha nyuma. Tazameni hiki kipande cha kuvuta. Kanisa la Old North pale Boston, mnara, giza. Unavuta, taa ya kwanza inatokea. Unavuta tena, ya pili. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775, taa mbili maana yake askari wa Uingereza wanapita majini. Na jambo lililonifurahisha: wameeleza vizuri kwamba taa zilikuwa ishara kwa watu wa Charlestown, ng'ambo ya mto. Vitabu vingi vinamchora Revere amesimama na farasi anazisubiri, wakati yeye ndiye aliyeagiza ziwashwe. Wamewachora pia wapanda farasi wenzake, William Dawes na Samuel Prescott, maana Revere alikamatwa njiani na aliyefika Concord usiku ule ni Prescott. Hapo nawapa heko.

Franklin ni lile jaribio lake la kurusha tiara kwenye radi, mnajua. Betsy Ross anashona bendera, na hakuna mahali wanaposema kwamba hadithi hiyo ilitolewa hadharani na mjukuu wake mwaka 1870, karibu miaka mia moja baadaye. Ningependa wangesema.

Wengi mmeniuliza kuhusu ile seti yenye majalada mekundu niliyoonyesha mwezi uliopita. Ile ni nafuu, picha zimefifia, lakini meno ya mbao haina. Hii nimenunua dola 38, na naona ni nyingi. Kama una kadi ya maktaba ya mtaa wenu, anza huko, ni bure, na unaweza kumwomba mkutubi akuagizie. Yule mama aliyeniandikia kwamba anasomea mtihani wa uraia kwa vitabu vya wanawe, nimekusoma dada yangu. Swali la nani Baba wa Taifa la Marekani lilikuwemo kwenye toleo la mtihani la mwaka 2008, na jibu ni huyu huyu Washington. Ukiulizwa, jibu hivyo, upate uraia wako, halafu nyumbani uwasimulie watoto na yaliyobaki. Wiki ijayo nitasoma kisa cha Ona Judge, msichana mtumwa aliyetoroka nyumbani kwa Washington kule Philadelphia mwezi Mei 1796, familia ikiwa mezani inakula, na hawakumpata tena kumrudisha utumwani. Bonyezeni kengele msipitwe.

Nimekiacha cha Phillis Wheatley mwisho kwa sababu hiki ndicho kimefanya nisiirudishe seti dukani. Aliletwa Boston kwa meli ya watumwa mwaka 1761 kutoka Afrika Magharibi, akapewa jina la ile meli. Hakuna aliyejua umri wake. Walikadiria miaka saba, kwa kuwa alikuwa anang'oka meno ya mbele. Mwaka 1773 mashairi yake yakachapwa kitabu London, na miaka michache baadaye Washington mwenyewe alimwandikia barua ya kumshukuru kwa shairi. Sasa tazameni mchoro, nasogeza. Yupo bandarini, amejifunika kipande cha zulia, mdomo wazi kidogo. Mnaona hapo? Pengo. Mchoraji ameliweka pengo. Hakuna kijikaratasi cha kufunua, hakuna maelezo, pengo tu mahali pake.

Mwanangu aliliona kabla yangu. Jino lake la mbele limeng'oka Jumapili. Aliingiza ulimi pale kwenye nafasi, akanyoosha kidole kwenye picha, akasema, "Mama, yuko kama mimi."