Mafuta ya lanolini uvunguni mwa gari jipya: uzoefu wangu na chumvi ya barabarani

Nianze na jibu: nimeridhika. Mafuta ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) niliyopuliza uvunguni mwa gari langu jipya kabla ya majira yake ya kwanza ya baridi yamefanya kazi niliyoyanunulia, yaani kuzuia kutu, na kila vuli narudia. Yana kero zake na nitazitaja, kwa sababu anayetafuta habari za bidhaa hizi hukutana zaidi na sifa za wauzaji, au lawama za watu waliopuliza ovyo. Namwandikia mtu anayeishi nchi ya theluji, ndiyo kwanza amekabidhiwa funguo za gari alilolihangaikia, na sasa anatazama lori la chumvi likipita mbele ya mlango wake.

Chumvi peke yake haili chuma. Chuma kinahitaji maji na oksijeni ndipo kishike kutu; kazi ya chumvi ni kuyafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri zaidi, na hapo kutu inakwenda mbio. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu vizuri mpaka kwenye nyuzi 9 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo nguvu zake zinapungua, ndipo zinapoingia chumvi nyingine, kloridi ya kalsiamu na kloridi ya magnesiamu. Hizi mbili ndizo ninazoziogopa hasa. Zinavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata siku kavu yenye jua, tope lililojibana kwenye kona ya fremu linabaki na majimaji yake. Tena siku hizi barabara nyingi humwagiwa maji ya chumvi kabla theluji haijaanguka. Ile mistari myeupe iliyonyooka unayoiona kwenye lami ndiyo hayo maji yaliyokauka. Lami ikilowa, tairi zinayainua ukungu mwembamba unaopenya hata pale ambapo tope zito lisingefika. Aliyewahi kuishi pwani anajua hewa ya bahari inavyotafuna bati la paa. Sasa hebu fikiria bati hilo likinyunyiziwa bahari yenyewe, kutokea chini, msimu mzima.

Wengi huniambia magari ya sasa hayaozi kama ya zamani. Kwa upande wa bodi wana haki. Porsche ilianza kutumia bati lililopakwa zinki, inayokinga chuma na kutu, kwenye gari lake la 911 katikati ya miaka ya 1970, Audi ikafanya hivyo kwa bodi nzima ya Audi 80 mwaka 1986, na leo bati lenye zinki ni jambo la kawaida. Bodi nzima hutumbukizwa kwenye tangi la praima (rangi ya msingi) inayovutwa na umeme ikashika mpaka kwenye vipembe vya ndani. Lakini lala chini ya gari lako jipya na tochi uangalie. Fremu, mikono ya sasipenshoni, ekseli, mabano ya ekzosi na nati zake nyingi vina rangi nyeusi tu, nyembamba, na mahali vilipochomelewa mara nyingi rangi imeshika vibaya. Mwaka 2016 Toyota ilikubali suluhu ya kesi nchini Marekani kuhusu kutu kwenye fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia, suluhu iliyohusu magari yapatayo milioni 1.5. Kesi ile haikuhusu bodi. Ugonjwa ulikuwa chini, tena mara nyingi ulianzia ndani ya fremu ukatokea nje.

Na dhamana ya kutu inayokuja na gari isikupe usingizi. Isome yote. Mara nyingi inazungumzia bodi kutoboka kabisa kutoka ndani kwenda nje. Kutu ya juujuu haimo, na fremu, ekzosi na paipu za breki huachwa nje ya hesabu.

Siku ya kuchukua gari nilipewa karatasi ya nyongeza nichague. La kwanza lilikuwa lami nyeusi ya mpira ya kupaka uvunguni. Nililikataa, na sababu yake naona kila mwenye gari jipya aijue. Lami ile hukauka ikawa ngumu. Miaka ikienda inapata nyufa ndogo, au inaachia chuma pembeni, maji ya chumvi yanaingia nyuma yake yanakaa humo. Kwa nje unaona weusi safi, kwa ndani chuma kinageuka makapi. La pili lilikuwa kikasha cha umeme kinachofungwa kwenye betri na kuahidi kuzuia kutu. Kinga ya umeme ipo kweli na inafanya kazi vizuri kwenye meli na mabomba yaliyofukiwa, kwa sababu chuma chake kimezama ndani ya maji au udongo wenye unyevu, umeme ukapata njia ya kuzunguka. Gari linatembea hewani. Njia hiyo haipo. Hilo nalo nikaliacha.

Nilichotaka ni kitu kisichokauka. Lanolini ni mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo wakati inapooshwa na kusafishwa. Yanashika chuma, yanafukuza maji, na yanatambaa: ukipuliza ukingo mmoja wa maungio, baada ya muda unakuta yameingia katikati ya bati mbili. Matumizi haya si ya jana. Fluid Film, chapa inayojulikana sana katika jamii hii, ilianza mwaka 1943 kukinga matangi ya maji ndani ya meli. Nikajiambia, kilichovumilia tangi la meli kitaliweza na gari langu. Zipo pia aina za mafuta mepesi yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, nayo yanatambaa vizuri zaidi, ila yanadondoka sana na yanaoshwa haraka. Lanolini niliiona iko katikati: nzito kiasi cha kukaa, laini kiasi cha kupenya.

Kazi niliifanya mwenyewe, siku kavu ya vuli, kabla chumvi ya kwanza haijamwagwa. Gari likiwa jipya hakuna kutu ya kukwangua, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kuanza mapema. Unaosha, unaacha likauke kabisa, unapuliza. Kulipuliza likiwa na unyevu ni kufungia maji ndani. Nililiweka juu ya stendi imara, jeki peke yake haiaminiki kwa mtu anayelala chini, nikatoa magurudumu na vifuniko vya plastiki vya uvunguni na ndani ya madigadi. Usiviruke vifuniko hivyo. Nyuma yake ndipo tope la chumvi linapojazana bila mtu kuliona.

Makopo madogo yanafaa kwa kurudia sehemu chache. Kwa gari zima nilitumia kompresa na bunduki ya kupulizia yenye mpira mrefu mwembamba, mwishoni una pua inayorusha pande zote. Mpira huo ndio uliofanya kazi ya maana. Unauingiza kwenye tundu la fremu mpaka ugote, halafu unaurudisha nyuma polepole huku umebana bunduki, na unaona ukungu wa mafuta ukitoka kwenye matundu mengine kadiri unavyouvuta. Hapo unajua ndani kumelowa kote. Nilifanya hivyo kwenye fremu, kwenye maboksi ya chuma yaliyo chini ya milango, ndani ya milango yenyewe kupitia matundu ya kutolea maji, na kwenye ukingo wa chini wa mlango wa buti, ambao huanza kuoza mapema kwenye magari mengi. Matundu yenyewe hakikisha yamebaki wazi. Tundu lililoziba linageuza mlango kuwa ndoo.

Paipu za breki nilizipa muda kuliko kitu kingine chochote. Paipu ikioza, kanyagio linazama mpaka sakafuni siku unayolihitaji. Mwaka 2015 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, iliwahimiza wenye magari ya mwaka 2007 kurudi nyuma wanaoishi kwenye majimbo ya chumvi wakaguliwe paipu hizo, na ikashauri uvungu uoshwe mara kwa mara. Hatari iko pale paipu inaposhikwa na klipu ya plastiki, kwa kuwa klipu inashikilia tope lenye chumvi na halikauki. Nilipuliza kila klipu pande zote mbili, kisha nikafuata paipu za mafuta mpaka kwenye tangi.

Sehemu za kuepuka ni diski na pedi za breki, mikanda ya injini, ekzosi na sensa zake. Diski na kalipa (vibanio vya pedi) nilizifunika kwa mifuko kabla ya kuanza. Bushi na mipira mingine nilipita mbali nayo, maana mafuta haya yanaweza kuvimbisha mpira usiotengenezwa kustahimili mafuta. Na kama unatumia makopo, gesi iliyomo ndani mara nyingi inashika moto. Fungua milango, sigara na hita vikae mbali.

Sasa matokeo. Nilitaka ushahidi wa macho yangu, kwa hiyo boliti mbili zinazofanana za kinga ya chini ya injini, moja kulia na nyingine kushoto, nilizitofautisha: moja nikaipaka, nyingine nikaifuta kabisa na kuiacha hivyo. Theluji ilipoisha, ile iliyoachwa ilikuwa imevaa koti la rangi ya machungwa, kutu imeingia mpaka kwenye meno, na spana ilihitaji kulazimishwa. Mwenzake alikuwa mweusi, amefunikwa na utando wa mafuta na vumbi. Nilipoufuta utando kwa kidole, kichwa cha boliti kilionekana na rangi yake ya kiwandani, nayo ikafunguka kwa mkono baada ya kulegezwa kidogo. Ndani ya fremu niliingiza kamera ndogo ya waya. Mafuta yalikuwa bado yameng'ang'ania kuta, yana rangi ya asali, na kwenye mishono ya kuchomelea sikuona kutu. Kwa upande wangu mjadala uliishia pale.

Kero ya kwanza ni harufu. Siku za mwanzo gari linanuka kondoo, hasa ukiwasha hita, na ikiwa kuna mafuta yaliyogusa ekzosi utaona na moshi kidogo. Harufu inaisha yenyewe. Ya pili ni kudondoka: weka maboksi ya karatasi mahali unapoegesha, maana matone yanatoka kwenye matundu ya fremu na milango kwa muda, na joto la kiangazi linayarudisha. Ya tatu inamhusu fundi wako. Uvungu unakuwa mchafu, unashika vumbi, na gereji nyingine hawafurahii kufanyia kazi chini yake. Mwambie mapema, wala asitumie moto wa gesi kabla hajapafuta mahali anapotaka kuchomelea.

Lililo zito zaidi ni kwamba mafuta hayadumu mahali panapopigwa na maji moja kwa moja. Nyuma ya magurudumu, kwenye mikono ya sasipenshoni, nilikuta yameondoka kwa kiasi kikubwa baridi ilipofika mwisho. Ndani ya fremu na milango yalikuwepo. Kwa hiyo mtu anayetaka kupaka mara moja asahau, bidhaa hii si yake. Ni kazi ya kila mwaka, na sehemu za magurudumu nazirudia kwa kopo katikati ya msimu nikipata siku kavu.

Mafuta hayaondoi haja ya kuosha. Mimi huosha uvungu baridi inapolegea, si siku ya barafu kali ambapo maji yanaganda kwenye vitasa na breki ya mkono. Natumia maji mengi ya msukumo wa wastani. Ule mkali sana unayachubua mafuta yenyewe. Kabla hujaingia sehemu ya kuoshea yenye vinyunyizio vya chini, uliza kama wanatumia maji yaliyozungushwa, maana maji ya suuza ya mwisho yakiwa na chumvi ya magari ya wenzako hujafanya kitu. Na ukiwa na gereji ya joto nyumbani, usiingize gari lililojaa theluji ya chumvi ukaliacha humo usiku kucha. Theluji inayeyuka, joto linachochea kutu, na kila kitu kinabaki chepechepe mpaka asubuhi. Ama lisuuze kwanza, ama liache nje kwenye baridi, ambako kutu inakwenda taratibu.

Ndani nako kunasahaulika. Viatu vinaleta theluji yenye chumvi, inayeyuka, inanywewa na zulia, na chini ya zulia kuna bati la sakafu na viunganishi vya nyaya. Nilinunua mikeka ya mpira yenye kingo ndefu siku ileile niliyochukua gari, na humwaga maji yake kila yakijaa. Rangi ya nje nimeipaka nta tu. Nta inatosha juu; chini haifui dafu.

Kama gari ni la kukodi na utalirudisha baada ya miaka miwili mitatu, sidhani kazi hii itakulipa; osha uvungu, inatosha. Kama unapanga kuwa nalo miaka kumi, puliza vuli ya kwanza. Na kama huna kompresa wala nguvu ya kulala chini, mpe fundi, lakini simama uone anaondoa vifuniko vya plastiki na anaingiza mpira ndani ya fremu. Akipuliza nje tu kwa dakika chache akakuonyesha weusi unaong'aa, mwambie arudi chini amalizie kazi.