Baseball Savant: tovuti ya bure ya kukisia mrushaji mkongwe atatua timu gani

Merkato ya besiboli ya Marekani ina kanuni zake. Mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, akitimiza miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu, MLB, mkataba wake ukiisha anakuwa mchezaji huru, na kuanzia siku ya tano baada ya World Series, fainali ya ligi, anaweza kutia saini na klabu yoyote. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 za kuwa kwenye orodha ya timu. Basi kila mwezi wa Novemba wapenzi wa mchezo huu hapa Lubumbashi wanaulizana lile lile: huyu mzee wa miaka 38, au 41, anakwenda wapi? Kurasa za tetesi zinajibu kwa "inasemekana". Baseball Savant inajibu kwa vipimo. Ni ya bure, haidai kujiandikisha, na kwa kumpima mkongwe hakuna tovuti inayoizidi. Ila haijui pesa wala afya, na anayeitegemea peke yake atakosea mara nyingi.

Tovuti hii ni ya MLB yenyewe. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi vina mfumo wa Statcast, na tangu 2020 kazi hiyo inafanywa na kamera 12 za Hawk-Eye katika kila uwanja. Kila mpira unaorushwa unapimwa: kasi, mzunguko, mahali mkono ulipouachia, ulivyopinda, ulipovuka sahani ya nyumbani, na kama umepigwa, uliondoka kwenye gongo kwa kasi gani. Kasi ya mipira inapatikana hadi 2008, kwa hiyo unaweza kufuata mkono wa mkongwe tangu ujanani.

Kwa simu, andika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha laza simu, maana majedwali ni mapana. Usiruhusu Chrome itafsiri ukurasa kwa Kifaransa. Majina ya mipira na vifupisho vyake vitavurugika, hutajua tena unasoma nini. Utaona mistari yenye rangi na namba kutoka 1 hadi 100. Namba inaonyesha nafasi yake kati ya warushaji wenzake: 90 maana yake amewapita 90 katika kila 100. Nyekundu ni nzuri, bluu ni mbaya.

Wengi wanakimbilia Fastball Velo, yaani kasi. Kwa mkongwe mimi nasoma Whiff kwanza: kati ya mara zote wapigaji walizozungusha gongo, ni mara ngapi walikosa mpira. Kasi inaweza kushuka maili 2 na mrushaji akaendelea kuwadanganya watu. Lakini wapigaji wakiacha kukosa, hakuna ujanja uliobaki. Ya pili ni Chase, jinsi anavyowavuta kuzungusha gongo kwa mipira iliyo nje ya eneo la straiki, yaani mahali mpira unapohesabika hata usipopigwa. Ya tatu ni BB, yaani wapigaji anaowapa besi ya bure kwa kurusha nje ya eneo hilo. Mkongwe mwenye Whiff ya chini lakini BB nzuri sana bado anapata kazi katika timu inayohitaji mtu wa kula iningi nyingi, yaani kurusha vipindi vingi kati ya 9 vya mchezo. Whiff ikiwa chini na BB ikiwa mbaya, huyo atangoja hadi kambi za mazoezi za mwezi wa pili. Hard-Hit nasoma mwisho: ni sehemu ya mipira iliyopigwa kwa kasi ya maili 95 kwa saa au zaidi, karibu kilomita 153.

Kasi nayo isidharauliwe, ila isomwe vizuri. Mistari ya rangi inawachanganya warushaji wa kuanza na wale wanaoingia mwishoni kurusha iningi moja kwa nguvu zote. Mzee anayeanza mchezo na kurusha mipira 90 hawezi kushindana kwa kasi na kijana wa mipira 15. Bluu yake hapo si hukumu. Mlinganishe na yeye mwenyewe: rudi misimu mitatu nyuma, mwezi kwa mwezi. Aprili kuna baridi katika miji mingi ya kaskazini na mikono haijafunguka, kwa hiyo Aprili ilinganishwe na Aprili, Septemba na Septemba. Kasi ikishuka kati ya Julai na Septemba ya mwaka mmoja, hiyo ndiyo dalili inayoziogopesha klabu. Jamie Moyer alishinda mchezo mwaka 2012 akiwa na klabu ya Rockies, ana miaka 49, na mpira wake wa kasi haukufika maili 80, sawa na kilomita 129. Wa namna yake ni wachache mno.

Tazama pia Extension. Inapimwa kwa futi, nayo ni umbali kutoka kibao cha kurushia hadi mahali mkono unapouachia mpira. Kutoka kibao hadi sahani ni mita 18.44, anayeachia mpira mita 2 mbele anampunguzia mpigaji muda wa kuamua, na maili 92 zake zinaonekana kama zaidi. Warefu wanafaidika hapa hata uzeeni.

Mtego mwingine ni kuhukumu kwa ushindi na kushindwa. Justin Verlander, aliyezaliwa Februari 1983, aliichezea San Francisco Giants mwaka 2025 kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 15. Alishinda 4, akapoteza 11. Ukiishia hapo utasema amekwisha. Lakini alianza michezo 29, akarusha iningi 152, na ERA yake, yaani pointi anazoruhusu kwa kila iningi 9, ilikuwa 3.85. Mwaka 2024, akiwa Houston, alianza michezo 17 tu kwa ERA ya 5.48. Aliyepanda ni yule wa 2025. Ni timu yake iliyokosa kumfungia pointi. Savant inaongeza xERA, inayokadiria ERA kutokana na ubora wa mipira aliyopigwa, bila bahati ya walinzi nyuma yake. ERA ikiwa kubwa kuliko xERA kwa pengo la pointi nzima, klabu makini zinaona bei rahisi. Ikiwa kinyume, zinakaa mbali.

Sasa sehemu ya tovuti ninayoithamini kuliko zote: Statcast Search. Chagua mrushaji mmoja, msimu mmoja, kisha pakua faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Msimu mzima wa mrushaji wa kuanza ni kama mistari 2,500 hadi 3,000, mmoja kwa kila mpira, na ukishalipakua unaweza kufanya kazi hata SNEL ikikata umeme na mega zikiisha. Usiombe ligi nzima kwa mara moja. Ukurasa utaganda kabla ya kumaliza. Shida kubwa kwetu ni kwamba kompyuta nyingi za mjini zimepangwa kwa Kifaransa. Faili linatenganisha safu kwa mkato na linaandika desimali kwa nukta, wakati Excel ya Kifaransa inatarajia nukta-mkato na desimali kwa mkato. Ukilibofya mara mbili, kila kitu kinarundikana katika safu moja, au 94.6 inasomwa kama maandishi na hesabu ya wastani inakataa. Fungua Excel tupu, nenda Données, chagua kuingiza kutoka faili la CSV, weka kitenganishi Virgule, na lugha ya data iwe Anglais (États-Unis). Katika Google Sheets, badilisha kwanza Paramètres régionaux kuwa États-Unis, ndipo uingize faili. Baada ya hapo safu za release_speed na pitch_type zinatosha: fomula ya MOYENNE.SI itakupa kasi ya kila aina ya mpira, na ukiongeza safu ya mwezi unapata mteremko wote.

Ukishamjua mrushaji, mjue uwanja. Ukurasa wa Park Factors unaweka 100 kama wastani. Juu ya hapo uwanja unawasaidia wapigaji, chini unawasaidia warushaji. Chagua miaka 3, mwaka mmoja unadanganya. Coors Field ya Denver iko juu kama mita 1,600, Lubumbashi yetu kama mita 1,200. Hewa nyepesi inaupunguzia mpira kitu cha kusukumana nacho: unapopigwa unakwenda mbali, na unaporushwa kwa mzunguko haupindi vilivyo. Mkongwe anayeishi kwa mpira wa kupinda hana faida Denver, na wakala wake anajua. T-Mobile Park ya Seattle na Oracle Park ya San Francisco ni rafiki kwa anayepigiwa mipira ya juu. Nyingi zinaishia mikononi mwa walinzi. Yankee Stadium ukuta wa kulia uko futi 314, kama mita 96, kwa hiyo angalia wapigaji wa mkono wa kushoto wanamfanyia nini kabla ya kumpeleka New York kwa mdomo. Mfano wa Verlander kwenda San Francisco unaeleweka ukifungua kurasa hizi mbili pamoja.

Hapo Savant inaishiwa. Haina mishahara, na merkato ya wakongwe inaendeshwa na mishahara. Fungua tovuti ya Spotrac, au RosterResource ndani ya FanGraphs, uone klabu iko umbali gani na mpaka wa kodi ya anasa, inayotozwa klabu zenye jumla kubwa ya mishahara: dola milioni 241 mwaka 2025, milioni 244 mwaka 2026. Anayevuka mara ya kwanza anatozwa asilimia 20 ya ziada hiyo, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu 50, na kuna nyongeza kwa anayevuka mbali. Klabu ya mwaka wa tatu iliyo ngazi ya juu kabisa inalipa asilimia 110: mkongwe wa dola milioni 10 anaigharimu milioni 21. Ndiyo sababu jina linalofaa kabisa kwa vipimo linaweza kukataliwa kwa hesabu.

Kuna pia ofa maalumu ya mwaka mmoja kutoka klabu anayoiacha, dola milioni 22.025 katika vuli ya 2025. Mchezaji akiikataa, klabu inayomchukua inapoteza nafasi katika uchaguzi wa vijana. Lakini mtu hupewa mara moja tu maishani. Verlander alishaipata 2021 na mrushaji mwenzake Max Scherzer 2014, hivyo anayewachukua hapotezi kijana yeyote. Kwa klabu ndogo hilo lina uzito. Mikataba ya umri huu huwa ya mwaka mmoja, kama dola milioni 15.5 za Scherzer na Toronto kwa 2025, mara nyingi na bonasi. Ukisoma habari ya bonasi kumbuka kanuni: inaweza kulipwa kwa iningi, michezo au tuzo, kamwe si kwa ERA wala ushindi.

Afya nayo haimo. Savant itakuonyesha nafasi tupu bila kusema ni bega au kiwiko. Sababu itafute katika orodha ya majeruhi ya klabu. Nyota akikosa msimu kwa upasuaji wa kiwiko si lazima amekwisha: Verlander aliukosa msimu wa 2021 wote, akarudi 2022 na ERA ya 1.75 na ushindi 18, kisha Mets wakampa dola milioni 86.7 kwa miaka miwili. Mara nyingine hata makubaliano yaliyokwisha tangazwa huvunjika mezani kwa daktari. Kabla ya vipimo vya afya, usiseme amesaini.

Wapinzani wa Savant kwa ufupi. MLB Trade Rumors ni maandishi matupu, inafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na kila mwaka inatoa orodha ya wachezaji huru 50 bora pamoja na makisio ya timu. Isome kwa habari, si kwa kupima. Baseball-Reference inaonyesha vizuri mrushaji anavyofanya akikutana na wapigaji wale wale mara ya tatu katika mchezo mmoja, jambo linalowaangusha wazee wengi na linalofanya klabu iwaombe iningi 5 tu. Kwa saa zetu, New York ikiwa jioni hapa ni usiku wa manane. Habari zote utazikuta asubuhi, hakuna haja ya kuunguza mega usiku.

Majira ya kuitumia hubadilika. Novemba hadi Januari, Savant kwanza, mishahara baadaye. Februari geuza. Kambi za Florida na Arizona zikifunguliwa, klabu zinaruhusiwa kuwaweka majeruhi kwenye orodha ya siku 60, nafasi zinapatikana katika orodha ya wachezaji 40 wa klabu, na wakongwe wanaingia kwa wingi ndani ya wiki mbili. Tazama nani ameumia, ndipo umpime mzee anayefaa kuziba pengo. Mwenye miaka 6 ya utumishi aliyemaliza msimu katika ligi kuu na kukubali mkataba wa ligi ndogo ana haki ya kuondoka asipopandishwa: siku 5 kabla ya ufunguzi, tarehe 1 Mei na tarehe 1 Juni. Kwa njia za namna hiyo Rich Hill, wa mkono wa kushoto, alifika Kansas City mwaka 2025 akiwa na miaka 45, klabu yake ya 14, akilingana na rekodi ya Edwin Jackson. Tarehe hizo tatu ziandike kwenye kalenda ya simu.