Dawa za kuacha unga: kidonge kilichonitesa, kikombe kilichonishika, na ile ya chini ya ulimi

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye saa hizi ana mdogo wake chumbani kajifunika blanketi mbili na jua lote hili la Dar anatetemeka, na wakubwa wamekaa sebuleni wanajadili wachange shilingi ngapi wampeleke wapi. Mimi nimekula unga, yaani heroini, miaka tisa, nilianza na kokteli, ule unga unaochanganywa na bangi ukavutwa, nikaja kumalizia kwenye sindano, na sasa niko mwaka wa sita nakunywa methadoni, dawa ya maji ya kila siku inayoshika nafasi ya unga. Kabla ya hapo nilipitia naltreksoni. Buprenofini sijawahi kuiweka mdomoni mwangu ila binamu yangu yuko London anaitumia mwaka wa nne na tunaongea kila wiki, kwa hiyo ya kwake nitayasema kama anavyoyasema yeye.

Naanza na naltreksoni maana ndo familia nyingi zinaikimbilia. Ukisikia maelezo yake inavutia sana, kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku, sio dawa ya kulevya, haikupi arosto, yale mateso ya mwili ukikosa, ukiiacha, na ukila unga juu yake husikii kitu kwa sababu kile kidonge kimeshakaa kwenye mlango ambao unga hupitia kichwani na hakimpishi mtu. Mama yangu aliposikia hivyo alilia kwa furaha, dada akavunja kibubu chake, tukaenda hospitali moja binafsi. Sasa hii dawa inataka uwe umekaa bila unga siku 7 mpaka 10 kamili, na mimi nilikuwa na siku mbili tu, nikawaambia kabisa juzi usiku nimetumia. Hawakunipima mkojo, hawakuuliza mara ya pili, nikapewa kidonge na glasi ya maji.

Haikufika saa nzima. Arosto ya kawaida inakuja polepole, unapiga miayo, makamasi, malaika wanasimama, unajua inakuja na unaweza hata kujipanga. Hii ilikuja yote kwa mpigo, tumbo lilifunguka hapo hapo kwenye benchi, jasho linatiririka mpaka kwenye vidole vya miguu, miguu inapiga teke yenyewe, na dada amenishika kichwa anasoma Ayatul Kursiy huku analia. Na huwezi kuitoa, ikishaingia imeingia, nilikaa hivyo usiku kucha mpaka kesho yake jioni. Kwa hiyo jamani mkienda kuitafuta hii dawa muulize kwanza, mkojo wake umepimwa? Ana siku ngapi hajatumia? Kama hamna anayeuliza hayo nyanyukeni muondoke.

Baadaye nilirudia kwa utaratibu mzuri, siku kumi safi, na kweli ilifanya kazi yake. Mama ananipa kila asubuhi baada ya chai anasubiri nimeze. Lakini naltreksoni inafunga mlango tu, hamu haikuondoki, mimi nilikuwa nalala naota kete za unga naamka nimeuma meno. Mwezi wa tatu nikajifunza kukificha kidonge shavuni, siku tatu nne sijameza, siku ya tano niko maskani na wala unga wenzangu. Nikapiga kipimo changu kile kile cha zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau unga, kipimo cha zamani kwa mwili mpya ni kaburi, washkaji walinimwagia maji na kunibeba kwenye bajaji, nilipofumbua macho niko wodini na nesi ananiambia wamenichoma sindano ya naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidisha unga. Wengine hawabahatiki kubebwa. Hapo ndipo ninapoilaumu naltreksoni ya kidonge kwa mtu wa sindano kama mimi, ni rahisi mno kuiacha, na ukiiacha ukarudi kwenye unga hatari inakuwa kubwa kuliko ulivyoanza. Ina watu wake, mtu ambaye ameshatoka sober house, zile nyumba za kuachia unga, muda mrefu, ana kazi yake, ana mke anayemsimamia kila siku na mwenyewe ameamua kwa moyo wote. Hao nimewaona, ni wachache.

Methadoni sasa. Hapa kwetu ilianza Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke na sasa mikoa mingi inayo, Wakenya walianza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014 wakaja mpaka Malindi na Mombasa. Ni bure, hulipii dawa. Mimi nilipelekwa na mwelimisha rika, jamaa ambaye zamani tulikuwa tunakaa naye kijiwe kimoja, nikaambiwa nihudhurie vikao kwanza, nikapimwa mkojo, TB, homa ya ini, virusi, halafu ndo nikaanza.

Siku ya kwanza nilipewa miligramu 20 nikaona wananitania. Usiku nikasikia arosto kwa mbali, nikawa nataka kurudi maskani kabisa. Nesi alikuwa amenionya, akaniambia kaka yangu hii dawa inajikusanya mwilini taratibu, ya leo inaungana na ya kesho, tukikupa nyingi leo unaweza kulala usiamke. Nilimuelewa baadaye sana. Wanaopoteza maisha na methadoni wengi ni wiki zile za mwanzo, mtu haoni kitu anaongezea Valium, vile vidonge vya kutuliza, au konyagi au kete, vyote vinakutana kifuani saa nane usiku na pumzi inakata. Yaani kama unaanza hii dawa na unapenda pombe, sema ukweli kwa daktari, usiogope kusemwa.

Wiki ya pili nikawa 50, mwezi wa pili nikafika 90 na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Na nakumbuka vizuri kabisa asubuhi niliyojua imenishika. Niliamka nikakaa kitandani nikasubiri. Miaka tisa kitu cha kwanza nikifumbua macho ni hesabu, nina shilingi ngapi, nani nimkope, nini cha kuuza ndani. Siku hiyo hesabu haikuja. Nikasikia njaa, njaa ya chai na chapati, nikatoka nje mama akaniangalia hakusema kitu akanikatia chapati ya pili.

Utaratibu wenyewe ni kwamba unakwenda kila siku, Jumapili ipo, Idi ipo, Krismasi ipo. Unafika dirishani unataja jina na namba, wanakupimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki, utamu wa sirapu kwanza halafu uchungu unabaki nyuma ya ulimi, unaongezewa maji kwenye kikombe hicho hicho unasuuza unakunywa, halafu nesi anakuuliza habari za nyumbani. Sio kwamba anataka habari, anataka ufungue mdomo uongee ajue umemeza. Ukikosa siku tatu mfululizo dozi inashushwa, ukizidisha unaanza upya karibu na sifuri, na watu wanakasirika wanasema wanaonewa, lakini ni ule ule mwili unaosahau niliosema juu.

Mabaya yake nayasema yote. Nauli kwanza. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, kila siku daladala mbili kwenda mbili kurudi, nafika kazini saa nne wenzangu wameshakata vyuma vyote, bosi wa kwanza alinifukuza kwa hilo tu. Ukipata kazi Morogoro hata ya wiki mbili unaikosa labda wakupangie kliniki ya huko. Dada zetu ndo wanaumia zaidi, mwenye mtoto mchanga atamwacha kwa nani kila asubuhi, na pale foleni wamejaa wanaume wengine ndo wale wale waliomuumiza kijiweni, wanawake tunaowaona ni wachache mno. Jasho, nachomelea natoka kama nimeoga. Choo kigumu, kula papai na maji mengi, usisubiri mpaka siku ya tano. Meno yanaharibika maana mdomo unakauka, piga mswaki. Nguvu za kiume zinapungua kwa baadhi yetu, na hili wanaume tunalificha mpaka mtu anaiacha dawa kimya kimya kwa ajili ya ndoa yake, wakati angemwambia daktari wangeangalia dozi. Moyo pia, wenye matatizo ya moyo waseme maana inaweza kuvuruga mapigo.

Na hili la TB liandikeni mkononi. Rafiki yangu wa foleni alianza vidonge vya TB, vile vina rifampisini ndani yake, baada ya wiki akaanza arosto ilhali kikombe anakunywa kila siku. Akadhani wanamchakachulia, akarudi kwenye unga. Kumbe rifampisini inalifanya ini lisage methadoni haraka, inaisha kabla ya siku kuisha. Na baadhi ya dawa za ARV zinafanya hivyo hivyo. Walipomwongeza dozi akatulia, na alipomaliza TB wakamshusha taratibu.

Buprenofini ni ya chini ya ulimi. Binamu anasema pale London alikuwa anakwenda duka la dawa la mtaani kwake, mfamasia anampa maji alowanishe mdomo, anaweka kidonge chini ya ulimi anakaa kimya dakika 5 mpaka 10 kinayeyuka, haongei, hamezi. Ukikimeza kinapotea bure tumboni. Baada ya miezi walipoona ametulia akawa anapewa vya wiki nzima nyumbani, anaendesha gari la mizigo mpaka Scotland na dawa yake mfukoni. Nikisikia hivyo roho inaniuma kwa kweli.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba ina dari. Methadoni ukiongeza inazidi kupanda, buprenofini ikifika kiwango fulani haipandi tena hata ukiongeza, kwa hiyo ni ngumu zaidi ikukate pumzi, japo ukichanganya na pombe na Valium bado inaua. Kichwa kinakuwa chepesi, binamu anasema hasinzii kama nilivyokuwa nasinzia mimi miezi ya mwanzo. Ile buprenofini inayoitwa Suboxone imechanganywa na naloksoni ili mtu asiisage akajidunga, ukiiweka chini ya ulimi hiyo naloksoni haikusumbui. Mtego wake ni siku ya kwanza, nayo inasukuma unga nje, ukiiwahi kabla arosto haijakushika vizuri unapata kama yaliyonipata mimi kwenye benchi. Binamu aliambiwa aje ameshapiga miayo na malaika wamesimama. Na sisi wa methadoni hatuwezi kurukia tu, nilipouliza nikaambiwa lazima kwanza nishuke mpaka kama miligramu 30, nikae zaidi ya siku nzima bila kikombe, halafu ndo nianze. Kutoka 90 ni safari ya miezi.

Kwa wale tuliokuwa kwenye sindano miaka mingi na unga wa kila siku, methadoni ndo inayowashika watu wengi wakabaki, hilo nimeliona kwa macho na ndo wanavyosema hata madaktari wanaolinganisha hizi dawa. Buprenofini ningempa kijana mwenye kazi, au ambaye hajazama sana, au anayeishi mbali. Ufaransa waliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mtaani kuiandika toka miaka ya 1990 katikati, na vifo vya kuzidisha unga vilishuka sana. Mama mjamzito anaweza kutumia yoyote kati ya hizo mbili, mtoto akizaliwa na arosto inatibika, asidanganywe aache ghafla kwa ajili ya mimba.

Na hii kauli ya umeacha unga umeshika unga wa serikali naisikia mpaka kwa shemeji zangu. Shemeji, unga ulikuwa unanipandisha na kunishusha mara nne kwa siku na kila nikishuka naiba. Kikombe kinakaa masaa 24, hakinipi stimu, nafanya kazi, juzi nimemlipia mwanangu ada ya muhula. Sina mpango wa kushuka mwaka huu na daktari hajanikimbiza.

Kliniki ninayokwenda mimi hawatoi buprenofini. Siku wakisema imefika na wanaanza na watu wa kazi za kusafiri naomba jina langu liwe la juu kwenye karatasi. Kwa sasa kesho saa moja kasoro robo niko dirishani.