Vidonge vya erdafitinib: vimezwe na nani, na vichungwe vipi

Kwa saratani ya kibofu cha mkojo iliyokwisha kusambaa, erdafitinib ni dawa nzuri, ila haimfai kila mgonjwa. Inalenga uvimbe wenye hitilafu kwenye jeni ya FGFR3, nayo hupatikana kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5. Pesa za kwanza basi ziende kwenye kipimo cha jeni cha kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe. Hapa Mombasa isomwe vizuri pia ripoti ya patholojia: saratani inayoletwa na kichocho mara nyingi huwa ya aina ya skwamasi (ya seli bapa), na dawa hii ilijaribiwa kwa aina ya urothelia (ya seli za kawaida za utando wa ndani wa kibofu).

Jaribio la THOR lilikuwa na wagonjwa 266 waliokwisha kupewa dawa za kuamsha kinga. Waliomeza vidonge waliishi wastani wa kati (nusu yao waliishi zaidi ya hapo) wa miezi 12.1, waliopewa kemo (dawa za kawaida za kuua seli za saratani), 7.8. Kwa ugonjwa huu, hiyo ni tofauti kubwa.

Dozi ni miligramu 8 mara moja kwa siku, yaani vidonge 2 vya miligramu 4, vinavyomezwa vizima, umekula au hujala. Kati ya siku ya 14 na ya 21 hupimwa fosfeti (madini ya fosforasi) ya damu. Ikiruhusu, na macho yakiwa salama, dozi hupanda hadi miligramu 9. Fosfeti hupanda kwa sababu dawa huzuia figo kuitoa, kwa hiyo chakula kibaki kwenye miligramu 600 hadi 800 za fosfeti kwa siku. Nusu lita ya maziwa pekee inamaliza zaidi ya nusu ya kiwango hicho. Dagaa, korosho na soda ya kola navyo vipunguzwe, na sahani ya mbaazi za nazi iwe ndogo.

Macho yakaguliwe kila mwezi kwa miezi 4 ya mwanzo, kisha kila miezi 3, maana maji huweza kujikusanya chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ukiona ukungu, usingoje kliniki ijayo.

Kosa tunaloliogopa zaidi hutokea duka la dawa. Mdomo ukitoka vidonda, ambavyo dawa yenyewe huvileta, mtu hudhani ni fangasi akanunua fluconazole. Hiyo huongeza erdafitinib mwilini, na madhara yakazidi. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume: huipunguza nguvu.