Tajín kwenye mahindi ya kuchoma ya Kimeksiko: niko chupa ya tatu, haya ndo maoni yangu

Jamani leo nataka kuongelea kile kichupa chenye kifuniko cha kijani, Tajín Clásico, maana kila mgeni anayekula mahindi kwangu kiangazi hiki lazima aulize ule unga mwekundu ni nini na anaupata wapi. Niko chupa ya tatu sasa, zile za gramu 142, kwa hiyo nasema kitu nachokijua.

Kwanza ilivyoanza. Mara ya kwanza kula elote, yaani hindi la Kimeksiko, ilikuwa hapahapa Chicago, mtaa wa 26 kule Little Village, wenyewe Wameksiko wanapaita La Villita. Mzee na mkokoteni wake, kafungua lile boksi la plastiki la kuwekea vinywaji, nikategemea nione barafu kumbe ndani mahindi ya moto yanafuka mvuke, akachomeka kijiti kwenye kitako cha hindi, akapaka mayonezi kwa brashi kote kote hadi ikawa nyeupe pee, akaligaragaza kwenye jibini la kusagika, akanyunyiza pilipili nyekundu, akakamulia ndimu, akanipa na karatasi ya kushikia. Mi mtoto wa Tanga, mahindi ya kuchoma nimeyala barabarani toka nina akili, kile kipande cha ndimu unachovya kwenye chumvi na pilipili halafu unasugua hindi toka juu mpaka chini, sasa nilipong'ata tu lile la mzee nikasema hii ladha naijua, hii ni ndimu na pilipili na chumvi yetu ile ile ila imevaa nguo nyingine! Na wala si ajabu, hindi lenyewe asili yake ni kwao, wakulima wa Meksiko ndo walilitoa kwenye jani la porini linaitwa teosinte miaka kama 9,000 iliyopita, sisi likaja kutufikia baada ya Wareno kuanza kupita bahari yetu miaka ya 1500. Hata hilo neno elote limetoka kwenye elotl, Kinahuatl hicho, lugha ya Waazteki, na wao wanamaanisha hindi bichi.

Sasa ya mikokoteni hapa mengi ni ya kuchemsha, ni matamu sana sibishi, ila mi nilitaka la kuchoma, lenye zile punje zilizoungua ungua na harufu ya moshi. Ndo nikaanza kuhangaika nyumbani.

Tajín yenyewe ni kitu rahisi tu, pilipili kavu aina tatu, árbol, guajillo na pasilla, zimesagwa na chumvi ya bahari na maji ya ndimu yaliyokaushwa. Kampuni ni ya Jalisco, wameanza 1985, jina wamelitoa kwenye magofu ya El Tajín kule Veracruz. Ukifungua chupa kinachokupiga puani kwanza ni ile uchachu wa ndimu, pilipili inakuja nyuma tena kwa upole, haiwashi kama pilipili kichaa hata kidogo, mtoto wa miaka 6 anakula na anaomba tena. Wa kwangu alikuwa anajimwagia kiganjani anaramba, na ukiangalia kwenye chupa wameandika kabisa kwamba hii sio pipi, inaonekana watoto wa dunia nzima wanafanya hivyo hivyo.

Ila nikwambie ukweli, chupa peke yake haikupi elote. Kosa nililofanya mara ya kwanza ni kupaka mahindi mafuta nikanyunyiza Tajín halafu ndo nikaweka jikoni, nikidhani ladha itaingia ndani. Ile pilipili iliungua ikawa nyeusi, chungu, jiko zima likatoa moshi unaokohoza mpaka jirani akafunga dirisha, na ule uchachu wa ndimu sikuusikia tena. Pilipili iliyosagwa laini vile haivumilii moto wa mkaa, inawekwa mwisho kabisa, hindi likiwa limeshatoka jikoni limeshapakwa kila kitu. Na usinyunyize toka kwenye chupa moja kwa moja juu ya hindi linalofuka, mvuke unapanda unaingia kwenye vitundu unga unashikana, mi namimina kwenye kisosi nachukua kwa vidole.

Mpangilio wangu sasa hivi ni huu, namenya maganda yote natoa na zile ndevu, mkaa ukishakuwa na jivu jeupe juu naweka mahindi makavu bila mafuta wala nini, nageuza kila baada ya dakika mbili hivi, dakika 10 mpaka 12 yanakuwa na madoa meusi hapa na pale. Natoa, nasubiri dakika moja. Hiyo dakika moja msiidharau, hindi likiwa la moto sana mayonezi inayeyuka inatoa mafuta inateleza yote mpaka chini kwenye sahani na jibini halina pa kushika, hindi likipoa sana nalo mayonezi inakaa juu kama krimu ya keki, unataka lile joto ambalo ukigusa kwa kidole unaweza kuhesabu mpaka tatu. Mayonezi nachanganya na crema, ni krimu ya Kimeksiko iliyochachushwa kidogo, nyepesi kuliko ile krimu chachu ya Kimarekani, kwa mahindi manne naweka vijiko vitatu vya mayonezi viwili vya crema. Hiyo kazi yake ni gundi tu basi, kwa hiyo paka safu nyembamba, ukijaza utakula mayonezi.

Halafu jibini. Hapa ndo penyewe kabisa, na ndo maana nasema hiki kichupa kinasifiwa peke yake wakati nusu ya sifa ni ya cotija. Ni jibini la maziwa ya ng'ombe, jina limetoka kwenye mji wa Cotija huko Michoacán, lina chumvi, gumu, ukilisugua na kikwaruzio linaanguka kama theluji na likikutana na hindi la moto haliyeyuki, linabaki punje punje. Lile punje punje ndo linashika Tajín. Nimewahi kuweka mozarela siku cotija imeisha, ikawa nyuzi nyuzi na unga wote ukateleza, tulikula lakini haikuwa elote.

Na kuna duka moja kubwa hapa, silitaji, nilinunua kwao pakiti ya viungo imeandikwa kwamba ina kila kitu cha elote humo ndani, jibini la unga, maziwa ya unga, pilipili, sukari, wewe unaongeza siagi tu. Nikafanya kwa wageni wanane. Mahindi yakawa na utamu utamu wa biskuti, ndimu husikii, ule unga ukalowana ukawa kama uji uliokauka kwenye punje, na wageni kwa adabu wakala nusu nusu wakaweka pembeni. Iliniuma sana maana nilikuwa nimewasimulia wiki nzima. Toka siku hiyo sinunui cha kuchanganywa, nanunua kipande cha cotija nakwaruza mwenyewe, kimoja cha gramu 280 hivi kinatosha mahindi kumi na kitu na ukikifunga vizuri kinakaa sana frijini.

Aina ya hindi pia ina neno lake. Haya ya supamaketi ya njano ni matamu mno kama yamewekwa sukari, laini, majimaji, yanaiva haraka na ukizubaa yanaungua. Kule Meksiko wanatumia zaidi mahindi meupe yenye wanga, punje kubwa za kutafuna, yanafanana na yetu ya nyumbani kabisa, na kwenye maduka ya Wameksiko mara nyingine unayakuta, omba meupe. Yanataka muda zaidi jikoni, dakika 15 mpaka 20 na moto wa wastani, lakini ule utafunaji ni mwingine. Nimejaribu yote mawili na Tajín ile ile siku moja, ya njano unapata utamu na uchachu, ya meupe unapata moshi na chumvi na pilipili kwa zamu, mi nachagua meupe bila kufikiria.

Kitu cha kuangalia ni chumvi. Robo kijiko cha chai ya Clásico, yaani gramu moja, ina sodiamu miligramu 190 na imeandikwa hapo nyuma, sasa hindi moja mi naweka kama nusu kijiko, hiyo karibu 380, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike 2,000 kwa siku nzima, na bado hujahesabu cotija na mayonezi. Mume wangu ana presha kwa hiyo lake naliwekea ile Tajín yao yenye sodiamu kidogo, jibini napunguza, ndimu naongeza ya kutosha, na hajawahi kulalamika. Halafu usiongeze chumvi nyingine popote, hata kwenye mayonezi. Na ndimu mbichi usiache eti kwa sababu chupani imo, ile ya unga inakupa uchachu tu, ile ya kukamua inakupa harufu.

Bei kwangu ni dola tatu na kitu na naona ni halali kabisa, chupa inakupeleka mahindi hamsini na zaidi, na naiweka kwenye embe bichi, tikiti, tango, hata mihogo ya kukaanga. Kwa mlioko Dar au Mombasa msihangaike kuagiza kwa bei ya ajabu, chukua paprika vijiko viwili vya chai, pilipili ya unga kiasi cha ncha ya kisu, chumvi kijiko kimoja, kwaruza ganda la ndimu mbili lile la kijani tu, anika likauke, saga vyote pamoja, na badala ya cotija tafuta feta, ikaushe na kitambaa kabla ya kuivunja vunja. Haitakuwa ile ile ila inakaribia sana, na hindi mtakalotumia litakuwa bora kuliko langu.

Mama alikuja mwezi wa saba, meno yake ya mbele sio ya kung'atia gunzi tena, nikamfanyia ya kikombe, wenyewe wanaita esquites, unapukusa punje zilizochomwa, unachanganya mayonezi na crema na cotija na ndimu, unamaliza na Tajín juu, anakula na kijiko. Alionja akanyamaza. Akaonja tena akaniambia, mwanangu hii ni ya Barabara ya Nne, akimaanisha yule mama wa mahindi aliyekuwa anachoma karibu na kwetu nikiwa shule ya msingi. Kila jioni baada ya hapo kikombe kimoja, mpaka siku ya safari. Kaondoka na vichupa vitatu kavizungushia khanga katikati ya begi, na jana kanipigia kwamba kimoja kishaisha.